Sonara wa Kambi ya Kwai

Hakuvaa pambo lolote. Si pete, si bangili, wala ule mkufu mwembamba wa msalaba ambao kina mama wa kanisani kwetu walikuwa wakiuvaa Jumapili. Masikio yake yalitogwa zamani, lakini matundu aliyaacha mpaka yakakaribia kuziba. Siku ya kwanza nilipomwona niliona ni kichekesho: mtu anaitwa Sonara na nchi nzima ya milimani inamjua kwa vito, naye shingo tupu, amejifunga khanga iliyotoboka kwa cheche za moto.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ujamaa ulikuwa umepamba moto, na kila likizo ya Juni wanafunzi wachache wa sekondari tulikusanywa Kwai kwa majuma matatu, kwenye shamba la zamani la Wajerumani. Mimi nilitoka Bungu. Asubuhi tulipalilia kabichi na kukamua ng'ombe wa kijiji, mchana tulijifunza kazi za mikono. Wengine walipangiwa useremala, wengine ushonaji. Kumi kati yetu tulipelekwa kwenye zizi kuukuu lililokuwa karakana ya Sonara, tukajifunze kuyeyusha rangi ya kioo juu ya shaba.

Ni kazi ileile ya mabakuli ya enameli yenye maua tuliyokulia uji nyumbani, ila hii ya kwake ilikuwa ndogo, ya kuvaa shingoni au kubandika kifuani. Unakata kipande cha shaba nyekundu ukubwa wa kifungo cha koti. Unakigonga kwa nyundo ya mti mpaka kibonyee kidogo kama kiganja. Unakisugua kwa ndimu na chumvi. Unanyunyiza unga wa kioo kupitia kitambaa chepesi, mbele na nyuma, unaukausha, halafu unakiingiza kwenye tanuri la mkaa huku mwenzako anavuta mvukuto. Ndani ya moto rangi zote ni moja, wekundu mtupu. Ukikitoa, kinapoa mbele ya macho yako, na rangi zinarudi moja moja, kijani kwanza, bluu baadaye.

Wakati huo hakuruhusu mtu kusema neno wala kuinama karibu. Kioo kikipoa vibaya huruka. Alikuwa na kovu chini ya jicho la kushoto la kutuonesha kwamba hasemi mzaha.

Sijui alizaliwa wapi hasa, na sitaki kubuni. Watu walisema alifanya kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitengeneza vito palepale Kwai, na mama yule alipoondoka uhuru ulipokaribia alimwachia tanuri, fuawe la kugongea na makopo ya rangi. Nilimwuliza mwaka wa pili, nikidhani tumeshazoeana.

"Aliniachia vitu," alisema. "Kazi nilijifunza kwa kuungua."

Akavuta mkono wa blauzi. Kuanzia kiwiko kushuka chini ngozi ilikuwa na mabaka ya kila ukubwa. Mengine yalikuwa ya zamani sana, meupe kama chokaa.

Neno lake kubwa lilikuwa "Osha tena." Ukimpelekea shaba uliyoisugua mpaka vidole vinawasha kwa ndimu, aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaimwagia maji. Maji yakijikusanya matone matone, maana yake kuna mafuta ya mkono wako. "Osha tena." Nilipata kuosha kipande kimoja mara tisa. Mara ya tisa nililia, naye akaniambia nilie pembeni nisidondoshee machozi kwenye shaba, yana chumvi yake.

Hakumsifu mtu. Hakusema kitu kimependeza, na wewe ukisema hivyo mbele yake alikukatiza. "Usiniambie imependeza. Niambie imeshika." Kushika ndiyo ilikuwa sifa pekee aliyoijua: kioo kiwe kimeikamata shaba bila ufa, bila kipovu, hata ukikiangusha kwenye sakafu ya saruji kisiachie. Na alikiangusha kweli. Kila kazi tuliyomletea aliinyanyua mpaka usawa wa kifua akaiachia. Mwaka wa kwanza changu kilipasuka. Mwaka wa pili kikapasuka tena.

Mvulana mmoja aliwahi kumdanganya. Kazi yake ilitoka na mabaka ya kufifia, akaipaka nta ya mshumaa, akaifuta kwa soksi mpaka ikang'aa. Sonara aliinusa, akaishika kwa koleo, akairudisha motoni. Moshi ukatoka.

"Umenidanganya mimi," aliuliza, "au umeidanganya shaba?"

 Siku tatu mvulana hakupewa nyundo. Kazi yake ikawa kuchota maji tu. Uongo aliuchukia kwa namna iliyotutisha, maana makosa mengine yote, hata ya kuvunja chombo, aliyapokea kimya.

Lakini hakuwa mtu wa upande mmoja. Mkuu wa kambi, kijana mwenye suti ya Chou En-Lai iliyopigwa pasi vizuri, alikuwa na mashaka na karakana yake. Siku moja alisimama mlangoni akatuambia kwamba taifa linahitaji majembe, na mapambo ni anasa za mabepari. Sonara aliendelea kutwanga kioo kwenye kinu chake kidogo.

"Ndugu Mkuu wa Kambi," alisema mwishowe, "hiyo beji kifuani kwako ni jembe?"

Tulitazama chini tusicheke. Lakini siku za shamba la ujamaa, wakati wenye maneno mengi ya siasa walikuwa wakitafuta kivuli, yeye ndiye aliyefika wa kwanza kwenye ukungu na jembe begani, na ndiye aliyeondoka wa mwisho. Aliamini. Hakupenda tu kuambiwa namna ya kuamini.

Kanisani alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Hata hivyo rafiki yangu Hadija, aliyetoka Mlalo na alikuwa Mwislamu, aliniambia hakuna mwalimu aliyemjali kama yule. Saa ya sala ilipofika, kabla Hadija hajainua macho, Sonara alikuwa ameshasogeza ndoo ya maji safi mlangoni. "Wa Mlalo, saa yako." Alituita kwa tulikotoka, hakuita majina. Mimi nilikuwa wa Bungu.

Mwaka wa tatu, ambao ulikuwa wa mwisho kwangu, alituahidi kutufundisha kuta. Hivyo ndivyo alivyoziita: nyuzi nyembamba za shaba zinazosimamishwa kwa ubavu juu ya kipande, zikapindwa kuwa jani au ndege, halafu kila chumba kikajazwa rangi yake bila kuchanganyika na jirani. Alikuwa na kazi moja ya namna hiyo, ya yule mama wa Kizungu, ameifunga kwenye pamba. Alipotuonesha sauti yake ilibadilika. "Hii," alisema, "nimeifanya mara nne tu maishani. Nataka nimwone mtu mwingine anaifanya kabla sijafa."

Waya haukupatikana. Alikuwa ameandika barua Tanga tangu masika. Kila gari la abiria lililopanda kutoka Lushoto alikwenda barabarani kuuliza, akarudi mikono mitupu. Miaka ile vitu vingi vilikuwa vya kusubiri, sabuni, chumvi, betri za redio, na hatukuona ajabu. Ila zilibaki siku sita kambi ifungwe, mgeni kutoka mkoani aje kutazama kazi zetu, na mimi sikuwa na kipande hata kimoja kilichoshika.

Ninaeleza hivyo ili ijulikane nilikuwa nikifikiria nini. Sikuwa nafikiria kingine.

Mimi na Hadija tulitumwa kuokota kuni kwenye mikaratusi juu ya barabara. Mvua ilikuwa imelegeza udongo, nguzo moja ya simu ikainama, na waya ukashuka mpaka usawa wa vifua vyetu. Ulikuwa shaba tupu, mwekundu, mnene kama ujiti wa kibiriti. Niliushika. Nikamwambia Hadija anisubiri, nikarudi karakana, nikachukua koleo la kukatia. Mwendo wa kwenda na kurudi ulinipa muda wa kutosha wa kuacha. Sikuacha.

"Huo si wa simu?" Hadija aliuliza.

"Umeanguka. Hauna kazi tena."

Nilikata huku, nikakata kule. Tukauviringisha, tukaufunika kwa kuni.

Sonara aliupokea kwa mikono miwili. "Mmeutoa wapi?"

"Kwenye ghala," nilisema. "Lile lililoanguka paa."

Aliupitishia kidole gumba taratibu, urefu wote wa mkono. Nilikuwa namtazama usoni. Hakunitazama. Akasema, "Vuteni mvukuto."

Siku mbili zilizofuata nilimwona kama ambavyo sikuwahi kumwona. Aliupasha waya, akaugonga kwenye fuawe mpaka ukawa utepe mwembamba kama jani la nyasi, na huku akigonga aliimba kwa Kishambaa, wimbo wa kulimia, yeye ambaye hatukujua kama ana sauti. Alinishika vidole akanionesha namna ya kupinda ncha. Nilitengeneza jani la mgomba lenye mshipa katikati, vyumba kumi na viwili, kijani cha aina tatu. Asubuhi ya siku ya tatu kikatoka motoni. Tulingoja kipoe. Akakinyanyua mpaka kifuani, akakiachia. Kililia kwenye saruji, kikadunda, kikatulia.

"Imeshika," alisema.

Tulikuwa bado tumekizunguka tuliposikia watu wanakimbia barabarani.

Mpishi wa kambi aliitwa Hoza, kijana wa palepale Kwai, mpole, aliyetuongezea ugali bila kuombwa. Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimwanza jana yake, mtoto amekaa vibaya, na mganga wa zahanati alikuwa amekwenda ofisi ya kijiji kupiga simu hospitali ya Lushoto walete gari. Alizungusha mkono wa simu, akazungusha. Kimya. Wakamtuma mtu kwa miguu, halafu wakaona hawawezi kungoja. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakamlaza humo. Walipita mbele ya karakana yetu wanaume sita wakimbeba, Hoza mbele akiwa na aproni yake ya jikoni, na yule mama hakuwa analia, alikuwa anahesabu kitu kwa sauti ndogo.

Sonara alitoka mpaka uani. Nilisikia mtu mmoja akimwambia, "Simu imekufa, Mama. Waya umekatwa." Alirudi ndani akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Hakutuambia tufanye nini. Mkaa ukawaka mpaka ukaisha wenyewe.

Kesho yake habari zikapanda kutoka Lushoto: mama yu hai, mtoto amezaliwa amekufa. Kama gari lingemfikisha kwa wakati hakuna aliyejua, na mpaka leo hakuna anayejua. Mganga alisema huenda. Neno hilo nimelibeba maisha yangu yote.

Mkutano ukaitishwa mbele ya ofisi ya kijiji. Wanakambi tuliketi kwenye nyasi upande mmoja. Mwenyekiti alikuwa anaeleza ukubwa wa kosa la kuhujumu mali ya umma, wakati Sonara aliposimama.

"Waya uko kwangu."

Watu wakageuka. Mwenyekiti akavua miwani. "Nani aliukata?"

"Nimesema uko kwangu."

"Mama, nakuuliza nani aliukata?"

"Nami nakujibu. Ulipofika mkononi nilijua ni wa simu. Waya uliolala ghalani huota ukijani. Ule ulikuwa umesuguliwa na upepo. Nilijua, nikaupiga nyundo."

Hoza alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza. Alikuwa amerudi usiku kucha kwa miguu na kichanga ndani ya shuka. Alisema polepole, kana kwamba anataka kuelewa somo, "Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Ukaupiga nyundo."

"Nikaupiga."

Hadija alinishika mkono. Ningeweza kusimama. Nyasi pale zilikuwa fupi, hakukuwa na cha kunizuia, miguu ilikuwa mizima. Nilikaa.

Landrova ya polisi ilikuja mchana uleule. Walichukua waya uliobaki, wakachukua kazi zetu zote kwenye kikapu, na jani langu likiwamo. Sonara alipita mbele yetu akielekea garini, na aliponifikia akasimama. Nilidhani atasema sasa.

"Wa Bungu," alisema, "kama tanuri bado lina moto, usilimwagie maji. Litapasuka."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nilimaliza shule, nikasoma ualimu, nikapangiwa shule ya msingi huko Korogwe. Niliwafundisha watoto kusema kweli. Niliwaadhibu wasiposema. Hadija aliolewa akahamia Tanga. Tulikutana mara moja sokoni, tukaulizana watoto wangapi, tukaagana. Habari za Sonara zilinifikia vipande vipande kwa watu wa milimani. Alikaa mahabusu majuma kadhaa, akaachiwa. Aliporudi Kwai alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Hoza, na Hoza akamfukuza. Alikwenda tena, akafukuzwa. Mara ya tatu hakubisha hodi. Alichukua jembe akaingia kwenye shamba la viazi la yule mama, ambaye bado alikuwa hawezi kuinama, akalima mpaka jua likazama. Akafanya hivyo msimu mzima. Tanuri hakuliwasha tena. Makopo ya rangi aliyatoa, akina mama wakayaosha wakatilia chumvi. Hoza alifariki miaka mingi baadaye, akaacha mke na mabinti wawili waliozaliwa baada ya yule kichanga, na wakati huo Sonara alikuwa ameshazeeka, macho yanaingia ukungu. Mke wa Hoza akamwambia ahamie kwake.

Nilikwenda Lushoto kusimamia mitihani. Siku ya mwisho nilipanda basi dogo la Mlalo, nikashuka njiani, nikauliza njia. Nilikuwa na mvi tayari.

Mwanamke aliyenifungulia alikuwa na ndoo ya viazi mkononi. Nilimjua papo hapo. Yeye hakunijua. "Karibu, mwalimu," alisema, kwa jinsi nilivyovaa. "U mgeni wake Mama? Yuko huko nyuma, anaota jua."

Sonara alikuwa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, amejifunika blanketi. Amekuwa mdogo. Nilipiga goti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani?"

"Wa Bungu."

 Mkono wake ukatoka ndani ya blanketi, ukanitafuta bega, ukanigusa, ukarudi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka. Nilisema yote bila kupumua: kwamba mimi ndiye niliyekata, kwamba nilikaa kwenye nyasi, kwamba alibeba kosa langu, kwamba nimekuja kuomba msamaha. Aliningoja nimalize.

"Sikubeba la kwako," alisema. "Nilibeba langu. Wewe ulikuwa mtoto, ulitaka jani lako lishike. Mimi nilikuwa mtu mzima, nilijua, nikasema vuteni mvukuto. Hilo usininyang'anye."

"Na langu mimi?"

"Lako liko palepale ulipoliacha." Aligeuza uso kufuata sauti ya kisu kilichokuwa kikimenya viazi jikoni. "Umemwambia?"

"Bado."

"Hujamwambia." Alirudia polepole. "Basi hukuja kunisalimia mimi."

Nilitaka kukaa naye kidogo zaidi. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakututaja, kama alitusubiri, kama aliwahi kutukasirikia. Alikuwa amefumba macho, uso juani, kama mtu aliyemaliza zamu yake.

Nikaenda jikoni. Mke wa Hoza alinisogezea kigoda, nikabaki wima. Nikamwambia. Nilimtajia nguzo, koleo, ghala la uongo, mkutano. Nilisema, "Waya niliukata mimi, dada. Nilikuwa na miaka kumi na sita."

Kisu kilisimama. Aliangalia kiazi alichoshika, nusu kimemenywa. Nje kuku walikuwa wakiparua majivu. 

"Miaka yote hii tumelala nyumba moja," alisema, "na hakunitajia mtu."

"Najua."

"Mume wangu alikufa akidhani ni Mama peke yake."

 Aliweka kiazi kwenye maji, akajifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. Nilidhani ataniambia niondoke, nami nilikuwa tayari kuondoka.

"Vaa viatu," alisema. "Huko juu kuna tope."

Tulipanda nyuma ya nyumba, yeye mbele, katikati ya mibuni, mpaka mahali penye mawe manne madogo na majani yaliyokuwa yameota tangu mvua. Alichuchumaa akaanza kuyang'oa.

"Alikuwa wa kiume," alisema bila kugeuka.

Nikapiga magoti upande wa pili, nikaanza kung'oa.